Lenzi Moja kwa Safari ya Baba

Baba alifundisha jiografia katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na muda wote huo hakuwahi kusimama kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Kila mwaka alilichora ubaoni, kuta zake na maziwa yake, kisha akalifuta ili mwalimu wa hesabu aingie. Alipostaafu na kutulia kwenye nyumba yake ya Segerea, macho yakaanza kumsumbua. Daktari akasema ni presha ya macho, ile inayokula uoni kuanzia pembeni kuja katikati. Baba alinieleza kwamba anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Siku hiyohiyo akasema angependa kuliona bonde kabla bomba halijazibika. Nikamwahidi kwamba mie mwenyewe nitampeleka.

Mie ni karani wa shule huku Tabata, na mwisho wa wiki napiga picha za kipaimara na sendofu. Kamera yangu ni ya sensa ndogo, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kwa hiyo inakata picha pembeni ukiilinganisha na kamera kubwa za studio. Nilikuwa na lenzi mbili, fupi ya watu walio karibu na ndefu ya kuvuta vya mbali. Kuzibadilisha huwa nachuchumaa, kamera mapajani, mikono yote miwili kazini. Safari hii mkono mmoja ungekuwa umemshika baba. Nilihitaji lenzi moja tu ya zumu, inayoanzia upana wa kutosha na kufika mbali bila kufunguliwa.

Hapo ndipo nilipopoteza muda ambao sikuwa nao. Karibu miezi mitatu nilisoma maoni ya watu mtandaoni na kutazama video za majaribio. Nilisita kati ya lenzi mbili: moja ilianzia milimita kumi na nane, za kuona kwa upana, ikaishia mia moja thelathini na tano, za kuvuta; nyingine ilianzia hapohapo ikafika mia tatu, ila ilikuwa nzito, na ikivutwa hadi mwisho picha zilififia. Niliwauliza wapiga picha wenzangu, na kila mmoja alinisifia ya kwake. Dada yangu, anayeishi na baba, alikuwa akipiga simu kuuliza tunaondoka lini. Nami nikawa namjibu bado natafuta lenzi. Moyoni nilikuwa nimeshachagua ile ya mia tatu. Niliamini mtu asiyeona vizuri anahitaji kusogezewa vitu.

Mama mmoja wa Temeke, mpiga picha za harusi wa siku nyingi, alikuwa anauza vifaa vyake kwa sababu mgongo umemchosha. Alikuwa na lenzi zote mbili, nikaenda na baba kuzijaribu. Alimwamkia baba, "Shikamoo, mwalimu," akatukalisha barazani, akaleta kahawa na kashata. Nikafunga ile ya mia tatu, nikalenga duka la ng'ambo ya barabara, nikapiga, nikampa baba kamera. Aliitazama skrini muda mrefu akiigeuzageuza.

"Hiki ni nini?"

Nikamwambia ni kufuli la mlango wa duka.

"Kufuli nimeliona," akasema. "Duka liko wapi?"

Yule mama akaichukua kamera. Akafunga ile ya mia moja thelathini na tano, akaiweka kwenye kumi na nane, akapiga mtaa wote, kisha akamshikia baba skrini mbele ya uso, mbali kidogo, urefu wa mkono. Baba akaanza kutaja kimoja kimoja: fundi cherehani, bajaji mbili, mnara wa msikiti, msichana anayeanika nguo, duka na mlango wake. Mtaa wote uliingia kwenye kile kioo kidogo, na kioo kikaenea ndani ya bomba lake.

"Umo wote humu," aliniambia, akiniita mama kama alivyozoea kuwaita binti zake. "Mama, umo wote."

Tukaichukua hiyo. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiniomba nipige picha ya hiki na kile.

Ningeondoka naye wiki ileile. Lakini mvua za masika zilikuwa zimeanza, na shuleni tulikuwa na usajili wa mitihani, likizo ikasogezwa mbele. Nikajiambia kazi ngumu ya kuchagua imekwisha, kilichobaki ni safari tu.

Tuliondoka mwezi wa saba. Basi hadi Arusha, asubuhi yake tukakodi gari hadi juu ya ukingo, pale Ziwa Manyara linapotazamwa kutoka mlimani. Upepo ulikuwa mkali. Mkono wa kushoto nilimshika kiwiko. Kamera nilishaiweka kwenye kumi na nane, nikapiga kwa wa kulia, nikamshikia skrini kama nilivyofundishwa Temeke.

Baba alitabasamu. Akasema anauona msitu pale chini, mweusi kwa ubichi wake, na baada ya msitu ziwa, maji yamejaa hadi kwenye miti, na ufukweni mstari wa waridi wa ndege wale, heroe. Alilieleza kwa utaratibu, sauti yake ya darasani.

Msitu ulikuwapo. Baada ya msitu hakukuwa na maji. Mwaka ule ziwa lilikuwa limekauka, palikuwa na uwanja mweupe wa magadi, na maji ni uzi mwembamba mbali sana. Nikaitazama skrini, nikamtazama yeye. Macho yake yalikuwa yameelekezwa kando kidogo ya kamera.

"Si ndivyo?" akauliza.

"Ndivyo, baba."

Nilipiga picha nyingine nyingi, kwa kuwa sikujua nifanye nini na mkono wangu.

Tuliporudi Segerea nilimfuata dada jikoni, nikamuuliza kuhusu macho ya baba. Akaendelea kukuna nazi. Alisema jicho la mwisho lililokuwa likiona lilizibika kabisa kama wiki mbili kabla hatujaondoka. Baba alimwapisha asiniambie, akasema mtoto amehangaika sana na ile lenzi. Nililia nimeegemea friji, dada akasogea na mbuzi yake ya nazi akanipisha nafasi.

Baba yu hai, na Jumapili huwa nakwenda kwake. Wiki iliyopita walikuja wageni wa jumuiya ya kanisani, akawasimulia ziwa, maji hadi kwenye miti, na heroe. Mmoja akataka kujua kama ni kweli aliliona mwenyewe, akajibu kwamba aliliona kwa macho yake. Yule mgeni akanigeukia, akaomba niwaonyeshe picha. Nikasema kamera nimeiacha Tabata, nikaendelea kumimina chai.