Siku Bi Tatu Alipoizika Kazi Yangu

Nakumbuka asubuhi moja kule Chamazi, mwanangu, mie nikiwa binti wa kuhudumia kuku wa mayai, na mimba ya kaka yako imeshaanza kunizidi nguvu. Mambo mengine huenda nimeyachanganya, maana shule sikufika mbali na kichwa kimechoka. Ila la asubuhi ile sijalisahau.

Shamba lilikuwa la Mzee Luhende, Mnyamwezi, mstaafu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mzee yule hakuwa mtu mbaya. Mshahara hakuuchelewesha, na ukifiwa alitoa gari lake bila kuombwa. Alituita wanawe, na sie tukamwita baba. Mkataba hatukuwa nao, wala hakuna aliyeuliza. Utamdai baba yako karatasi?

Basi asubuhi hiyo akaniita mbele ya wenzangu, akanipa doti ya khanga na kuku wawili. Akaniambia niende nikajifungue salama, nafasi ikiwepo nitarudi. Wakati huohuo tulishasikia kwamba mpwa wake yuko njiani kutoka Tabora kuja kushika mabanda yangu. Mume wangu alikuwa kibarua wa kubahatisha huko Kiwalani, leo kapata, kesho kakosa. Chumba chetu na tumbo langu vilitegemea kazi ile. Lakini mie nilipiga goti, nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Ningesema nini? Mtu kanipa khanga.

Bi Tatu, mama wa Kizaramo aliyekuwa akipanga mayai kwenye trei, alinitazama tu. Akanisogelea, akaninong'oneza, "Unashukuru huku unazikwa?"

Sasa wewe umezaliwa mjini, huenda hujui. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hukutukana usikasirike, na msibani anaweza hata kulala njiani kuzuia jeneza lisipite mpaka asikilizwe. Bi Tatu alikwenda getini, pale gari la mayai linapotokea, akajifunika khanga gubigubi, akalala chali katikati ya njia. Akaanza kulia kilio cha msiba, kile chenye kutaja sifa za marehemu.

Gari likasimama. Mzee Luhende akatoa kichwa dirishani.

"Bi Tatu, mayai yanapigwa jua."

"Yapigwe. Hapa pana maiti."

"Nani kafa?"

"Kazi ya Zuhura. Imeugua mimba, imekufa leo hii. Na muuaji ndiye kashika usukani."

Wenzangu walicheka mpaka wakashika kuta. Mzee naye akacheka, akasema Wazaramo kazi yao ngoma na kulala, ndiyo maana huyu kalala saa za kazi. Bi Tatu hakunyanyuka. Akamjibu kutoka chini ya khanga, "Na nyie wabeba mizigo wa misafara mmebeba kila kitu kutoka bara, akili mkaisahau njiani. Hata ng'ombe wa kwenu akizaa hafukuzwi zizini."

Hapo kicheko kikapungua. Mzee alizima gari. Bi Tatu akajifunua uso, akakaa kitako palepale kwenye vumbi, na sauti ikabadilika. "Mtani, utani nimeumaliza. Khanga umempa kwa wema wako, Mungu akulipe. Lakini likizo ya uzazi si wema wako, ni haki yake. Usimlipe mtu haki yake kwa zawadi."

Mzee alishuka garini. Kisha akauliza, na niseme kweli lilikuwa swali la haki: kuku watalishwa na nani mie nikiwa nalea? Bi Tatu akamwambia mpwa wake ashike kwa muda, ajue tangu siku ya kwanza kuwa anashikia. Yule mama hakuwa na elimu kuliko sie. Alichotuzidi ni kuwa na utani, akautumia pale ambapo wengine tungeogopa.

Mzee alikwenda ofisi ya kazi kuuliza. Alirudi ananung'unika, maana gharama zilimuuma, wala simlaumu. Lakini nilikwenda likizo na mshahara wangu, nikarudi kwenye mabanda yaleyale. Wote tukaandikiwa mikataba, mpaka yule mpwa, na viatu vya mvua na barakoa za vumbi la maranda tuliyotandika mabandani vikaja. Mzee aliniambia siku moja, "Zuhura, nilidhani kuwa baba kunatosha."

Mwanangu, nimeandika haya kwa kuwa banda lako la kuku linaezekwa wiki hii, na nasikia umewaita binamu zako waje kufanya kazi. Undugu ni kufaana, sikatai. Ila ndugu naye ni mfanyakazi. Mwandikie mkataba kabla hajashika ndoo, kwa lugha anayoielewa, na nakala abaki nayo. Siku yake ya mapumziko usiigeuze fadhila. Akiugua, akishika mimba, uliza sheria inasemaje kwanza, ndipo uulize moyo wako. Moyo uongeze juu ya sheria, usikae mahali pake. Na usipojua, nenda ukaulize, kuuliza si ujinga. Wao nao wakizembea, waambie wazi, kwa utaratibu, usiwavizie. Haki ina pande mbili, nami sitaki uonewe.

Pengine nimesema mengi kuliko nijuayo. Wewe pima, uchukue lenye uzito.

Mungu akupe kuku wenye afya na watu wenye amani. Wanaokufanyia kazi walale bila hofu ya kesho, na riziki utakayokula iwe haina kinyongo cha mtu ndani yake. Amina, mwanangu.