Masale Yaliyotembea Kila Masika

Baba yangu aliiba ardhi ya jirani kwa uvumilivu ambao, kama angeupeleka kanisani, wangemfanya katekista. Mpaka wetu pale Rau haukuwa na ukuta wala waya. Ulikuwa wa masale, kama mipaka ya Wachagga wengi, mmea wa majani marefu ambao ukichomeka kijiti tu, kinaota. Kila masika baba alitoka na panga, akachomeka mstari mpya nusu hatua upande wa pili, akasubiri ushike, kisha akang'oa ule wa zamani. Jirani alikuwa na mparachichi hatua chache ndani ya shamba lake. Baada ya masika kadhaa mparachichi ukajikuta umesimama mpakani, na haukuwa umeondoka mahali pake hata kidogo.

Jirani aliona, si kipofu. Lakini hakwenda kwa balozi wa nyumba kumi wala mahakamani. Alinyamaza tu, na baba akanyamaza, wakawa wazee wawili wanaopita njia moja kila mmoja akitazama migomba ya upande wake. Kanisani padre aliposema tupeane amani, baba aligeuka kulia na jirani akageuka kushoto. Mama alikuwa akisema hao wawili watafika mbinguni na kuomba wapangwe vyumba tofauti.

Mimi nilikuwa na aibu, nakiri. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Himo, kutoka kwenye ndoa ambayo siku nikiamua kuieleza nitahitaji kiti na maji ya kunywa. Nilirudi na mtoto mmoja na magodoro mawili, nikapewa chumba kilichopakana na zizi. Ng'ombe alikohoa, mtoto akaamka. Na kila asubuhi nilipita kwa jirani kuchota maji, nikimwamkia, "Shikamoo baba," naye akijibu, "Marahaba mwanangu, umeamkaje," kwa upole ule unaouma kuliko tusi. Nilijiambia baba ameingiwa na tamaa ya uzeeni.

Ilikuwa ile miaka ya biashara kufunguliwa. Kila aliyeuza mitumba wiki mbili alianza kutafuta kiwanja, na Rau ya migomba na ng'ombe ikaingizwa kwenye ramani ya mji. Baba akatuita, akatangaza kwamba anagawa shamba rasmi, kwa karatasi za serikali, kabla wajanja hawajatugawia wao. Viwanja vitatu: kimoja cha kaka mkubwa, kimoja cha mdogo wangu wa kiume, na cha tatu, kile cha upande wa masale, cha kwangu.

Kaka mkubwa akauliza tangu lini binti akagawiwa ardhi.

"Tangu leo," baba akasema. "Kama unataka na saa, tazama ukutani."

Sikulala kwa furaha. Kwetu binti hupewa baraka na sufuria, kisha huonyeshwa barabara.

Faili nililipeleka mimi ofisi ya ardhi. Afisa alikuwa kijana mpole mwenye mabuti ya mpira, anayesoma kila karatasi mara mbili. Akaniambia ombi litakwenda kwenye kamati, ila kuna mambo mawili. Kwanza, kila kiwanja kifikie ukubwa unaotakiwa mjini, la sivyo hakipitishwi, na vitabaki viwili tu. Pili, jirani anayepakana nasi asaini kwamba hana pingamizi, na asaini palepale mpakani, afisa akiona. Upande mmoja tulipakana na barabara, mwingine mfereji, nyuma makaburi ya kanisa. Jirani mwenye kidole cha kushika kalamu alikuwa mmoja tu.

Nilirudi nikapima kwa kamba ya ng'ombe. Masale yakibaki yalipo, kiwanja changu kinatosha, na inabaki nafasi ya kuanikia nguo. Yakirudi yalipokuwa zamani, hakitoshi. Nikapima tena, labda kamba ina kinyongo na mimi. Jibu likawa lile lile. Kwa hiyo nilihitaji saini ya mtu aliyeibiwa, na nilihitaji aendelee kuibiwa. Jamani.

Baba alimtuma kaka na karatasi, aombe jirani akubali kusaini. Ikarudi na jibu kwamba mzee yuko shambani, ilhali sauti iliyosema hivyo ilikuwa ya mzee mwenyewe. Akamtuma mama. Mama alikaa huko hadi jioni, akarudi ameshiba chai na kabeba maparachichi. Alipoulizwa kuhusu saini akasema hakuona vizuri kuharibu mazungumzo.

"Itabidi upeleke isale," mama akamwambia.

Kwetu ukimkosea mtu, unakata jani la isale, mmea ule ule wa mpakani, unalifunga fundo, unampelekea kwa mkono wako. Hata awe na hasira namna gani, akiletewa jani hilo hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Baba alinuna siku tatu. Siku ya nne akachukua panga, akanyoosha mkono kwenye masale ya mpakani, akakata jani, na mimi nikamfuata nyuma, maana nilimjua.

Jirani alikuwa kwenye kibaraza akipukuchua mahindi. Alilitazama jani, hakulipokea.

"Umelikata wapi?"

"Pale mpakani."

"Yale yaliyoko kwenye shamba langu?"

Baba akakohoa.

"Unaniomba radhi kwa jani langu," jirani akasema, akaendelea na mahindi yake. "Kakate la kwako."

Tulirudi baba akiapa kwamba kesi imekwisha na mimi nikajenge hewani. Hapo nikashindwa kujizuia. Nilimwambia heri angekuwa mwizi wa kuku, kuku huliwa siku moja aibu ikaisha. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Kesho yake alfajiri hakuwepo kitandani.

Alikuwa amekwenda Kibosho, mvua ikinyesha, barabara ile ambayo hata gari likifika salama watu hushukuru kwa zamu. Alipanda hadi kihamba, shamba la migomba la ukoo, kwenye masale yaliyopandwa juu ya kaburi la babu, akakata jani moja. Alirudi alasiri, matope hadi kwenye kofia, hakuingia hata nyumbani, akapitiliza kwa jirani, nami nikamfuata.

Safari hii jirani alisimama. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Aika," akashukuru kwa Kichagga. "Nimesamehe. Sasa sema kosa."

"Si unalijua."

"Nalijua miaka yote. Sijawahi kulisikia."

Baba alitazama mahindi, akatazama mvua. "Nilisogeza," akasema.

Wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, mpaka nikawa nasikia vicheko vyao nikiwa kwenye zizi letu. Nilifurahi kwa ajili yao, Mungu anajua, na nililia kwa ajili yangu. Kosa likishasemwa, kitu hurudishwa. Nilianza kukubali kuzeeka pamoja na yule ng'ombe.

Siku ya ukaguzi afisa alikuja na mpima mwenye utepe mrefu. Kaka zangu walisimama kando, mkubwa kavaa koti, maana alishajua viwanja vitabaki viwili. Afisa akawaamkia wazee, kisha akamgeukia jirani.

"Mzee, mpaka wako uko wapi?"

Jirani akainua fimbo, akaonyesha masale. "Hapo."

"Si kweli," baba akasema. "Mpaka uko huku kwangu, kabla ya kuufikia mparachichi."

"Uko hapo. Mimi sijui huyu anazungumza nini."

"Kijana, usimsikilize. Hapo ni kwake. Niliiba."

"Hakuiba."

"Niliiba! Andika, niliiba."

Afisa alifunga faili, akalifungua tena. Akasema amekagua mipaka mingi, watu wameshikana mashati mbele yake, wameshikiana mapanga, lakini wazee wanaogombana kila mmoja akisukuma ardhi kwa mwenzake hajui awaandike kwenye fomu ipi. Akamuuliza baba, kwa heshima, kama ni kweli aliiba, aliiba kwa nini, na shamba analo.

Baba alijibu akiutazama ule utepe, hakunitazama mimi.

"Mwaka aliorudi huyu na mtoto wake, nilipima shamba usiku, kwa kamba. Wa kiume wawili walienea. Yeye hakuenea."

Kaka mkubwa akavua koti, kama vile jua limechomoza ghafla.

"Kijana," jirani akasema taratibu, "andika masale. Huyu binti huniamkia kila asubuhi. Mpaka ni hapo."

Akachukua kalamu, akasaini. Afisa akaandika, mpima akavuta utepe, na viwanja vikatosha, vyote vitatu. Nilikuwa nimesimama na mikono kichwani kama mtu wa msibani.

"Cha tatu niandike jina la nani?" afisa akauliza.

Nilifungua mdomo kulitaja jina la mume, lile nililorudi nalo kutoka Himo, lililokuwa kwenye karatasi zangu zote. Baba akawahi. Alilitaja jina langu, na baada yake akalitaja la kwake.