Kibuyu Kilichovunjika

Kila nikikifukizia moshi kibuyu cha bibi jikoni kwangu, harufu yake hunirudisha kwenye duka la vitu vya zamani pale Tarime, nikiwa darasa la pili. Mama na shangazi walikuwa wanashangaa redio za mbao. Bibi alichukua kibuyu cha maziwa, akakinusa, kisha akapitisha kidole kwenye ufa ulioshonwa kwa uzi.

"Mshono huu ni wangu," alisema.

Shangazi ndiye aliyetuambia kwamba kibuyu hicho kilivunjika vipandevipande, akavitupa. Sasa aliiinamia redio moja kama fundi.

Bibi hakumgombeza. Alimlipa mwenye duka, akamkabidhi shangazi kibuyu.

"Kibebe wewe. Safari hii kisivunjike."