Lengalenga Zilizoachwa Zitoe Maua

Mama yangu aliuza lengalenga, mchicha wa kwetu, katika soko la Jabe hapa Bujumbura tangu kabla sijazaliwa mpaka magoti yake yalipokataa kuinama. Nilimchukua nikamleta kwangu Gasenyi, na siku hiyohiyo alinieleza wazi kwamba amekuja kutembea tu. Chumba chake cha Jabe hakutaka kukiacha. Mimi nilitaka akae moja kwa moja, nimwone kila ninaporudi kutoka kazini. Kila Ijumaa baada ya swala aliniuliza nitamrudisha lini, na kila Ijumaa nilikuwa na sababu: mvua, kazi, mafua. Sababu zikaanza kuniishia.

Wakati huo nilikuwa pia na wazimu wangu mdogo wa maua. Majirani walikuwa na maua kando ya kuta zao, mimi nilikuwa na udongo mtupu uliofagiliwa vizuri. Mwenzangu mmoja wa ofisini alinionea huruma, akaniletea mbegu ndani ya karatasi iliyokunjwa, ndogo kuliko ulezi. Akaniambia kwa majivuno, "Hii ni queue de renard, mkia wa mbweha. Inaleta mikia myekundu mirefu, inaning'inia mpaka chini. Ni maua ya bustani za wakubwa." Mbweha sijamwona maishani, achilia mbali mkia wake, lakini Kifaransa kilinitosha.

Nilizichanganya na mchanga mkavu ili zisianguke zote mahali pamoja, nikazisia kwenye beseni bovu nililolitoboa matundu chini, nikazifunika kwa udongo mwepesi kama unavyonyunyiza chumvi. Siku ya tano vikatokeza vijiti vyekundu vyembamba. Vilipofikisha majani manne nilivihamishia kwenye tuta chini ya dirisha, saa za jioni, maana jua la mchana la Bujumbura halimhurumii mgeni. Kila alfajiri nilimwagilia kabla ya kuvaa nguo za kazi. Majani yalipopanuka niliona yanafanana na kitu ninachokijua. Nikajiambia yanafanana tu. Mtu aliyelishwa kwa lengalenga, akavishwa na kusomeshwa kwa lengalenga, hakuzitambua lengalenga zilipomwotea mlangoni, na sina la kujitetea.

Mama alikuwa akiniangalia kutoka barazani. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa anafurahi. Alidhani hatimaye binti yake amepanda kitu cha maana.

Jumanne moja nilirudi nikapokewa na harufu ya lengalenga zilizopikwa kwa mawese na ndagala, dagaa wa ziwani. Nilimeza mate, nikazunguka nyumba kwenda kuyasalimia maua yangu. Tuta lilikuwa na visiki vya urefu wa kiganja. Barazani mama alikuwa amepanga mafungu yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba, mstari ulionyooka, kama anasubiri wateja. Majirani wawili walikwisha kupewa yao.

"Mama, maua yangu iko wapi?"

"Maua gani? Mi nimeona lengalenga zinaanza kuleta vichwa. Nikasema nikate mbele ya kuharibika."

"Hii si lengalenga. Hii ni maua, imetoka mbali."

Alinitazama kama anamtazama mgonjwa. "We mutoto, mi nimeuza lengalenga mpaka magoti imekwisha. Leo unanifundisha lengalenga?"

Nina hasira za karibu, naungama. Nilimwambia, "Hapa si soko, Mama. Hapa ni kwangu."

Aliliweka chini fungu alilokuwa analifunga. "Bon. Ni kwako. Dimanche unirudishe kwangu."

Nilipaswa kumwomba radhi palepale. Lakini mimi ni wa kuomba radhi kwa kupika, na siku hiyo chakula alikuwa amekwisha kukipika yeye. Nilikula kwa kununa, sahani mbili, na zilikuwa tamu sana. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Jumapili niliamka nimejiandaa kushindwa. Mama hakuwa chumbani. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, amevaa nguo zake za safari, anakagua visiki kimoja kimoja kwa ncha ya kidole.

"Kuya uone," alisema.

Penye kila kifundo cha jani palikuwa na vichipukizi viwili, vingine vitatu, vyekundu, vimenona.

"Mi sing'oe. Mi nakata juu ya kifundo. Ukikata hivi, moja inaleta tatu, ine. We ulifikiri nimeziua?"

Nilikuwa nimefikiri hivyohivyo.

"Sasa zinataka samadi, na maji ya chini, si ya kumwaga juu ya majani kama unavyofanya. Nikiziacha na we, zitakufa. Nitangoja wiki mbili."

Wiki mbili zikawa tatu. Kwa mara ya kwanza maishani ujinga wangu ulinifaa, nikautunza. Nilimuuliza kama jani hili linaumwa, hali nilikuwa naliona zima. Nilimuuliza kama samadi ya sungura ni kali kuliko ya ng'ombe, nikamuuliza tena kesho yake. Wadudu wadogo weusi walipotokea chini ya majani nilikaribia kuwashukuru, maana mama alitangaza kwamba hawezi kusafiri mpaka awamalize kwa majivu. Lengalenga zilipofika kifuani zikaanza kuinama, akaniagiza matete, tukazifunga pamoja kwa kitambaa laini ili zisichubuke. Alinigombeza kila siku. Nyumba ilichangamka.

Kisha vichwa vikatoka tena. Asubuhi moja nilimkuta ameshika kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada, ukucha tayari. Mkono wa sokoni ulikuwa umetangulia wenyewe.

"Iache, Mama."

"Ikileta kichwa haiuzike tena. Watu wanapita tu."

"Hii hatuuzi."

Aliurudisha mkono akauficha ndani ya kitenge, na nilimwona anavyojizuia.

Vichwa vilirefuka, vikalemewa, vikaanza kuning'inia. Kila shina alilolikata lilikuwa na mikia mitatu au minne, myekundu ya damu ya mzee, mingine mirefu kama mkono wangu. Nyuki walijaa. Watu waliokuwa wakipita walisimama getini kuuliza ni maua gani, na mama aliwajibu kwa Kifaransa cha mwenzangu wa ofisini, bila haya hata kidogo.

Siku maua yalipokamilika aliomba kiti kiwekwe mbele ya tuta. Akakaa, akauinua mkia mmoja kwa kiganja. "Mi sijapata kuziona hivi," alisema. "Zote nilizikata mbele ya maua. Kumbe zilikuwa zinakuja huku."

Ijumaa ikafika. Aliswali, akaja akakaa barazani. "Kazi imekwisha. Kesho unirudishe."

Sikuwa na sababu tena, wala wadudu. Nikamwambia ukweli: nataka akae, na neno lile la soko limenichoma tangu nilipolitamka. Nikamwambia pia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Nilipokuwa sekondari, nikitoka shule na wenzangu, nilikuwa navukia ng'ambo ya barabara na kugeuza uso tulipofika sokoni, ili wasijue yule mwenye lengalenga ni mama yangu. Nililia nikisema, na sikujifuta.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nakuona."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nilikuwa nasema, ule njo mutoto wangu, amepita muzima. Kisha naendelea kufunga."

Yeye alikuwa amekwisha kugeuka, anaangalia ndani, upande wa jikoni.

"Kesho twende Jabe mapema," alisema. "Utafute taxi kubwa, ya kwenda na kurudi. Masufuria yangu iko mingi, na hizi zako zinaunguza chakula."