Skana ya Mwenye Duka la Vinyago

Sijapata kumwona mtu aliyejua kidogo akakisema kirefu kama yule mwenye duka la vinyago pale Ukunda. Alikuwa ametoka bara, akafungua duka kwenye njia ya kwendea hoteli za Diani, na miaka ile ya mwisho ya tisini alijitangaza kuwa bingwa wa redio.

Mimi nilikuwa mwalimu Msambweni, na starehe yangu ilikuwa kusikiliza. Nilitaka kununua skana, ile redio inayopekua masafa yenyewe na kusimama inapomsikia mtu akizungumza. Nilitamani kuwasikia marubani wakishuka uwanja mdogo wa Ukunda, na manahodha wa Shimoni na Wasini wakiitana. Basi nikaenda kumwomba ushauri.

"Mwalimu, nunua kama hii yangu," aliniambia, akipapasa mtambo mweusi aliotumiwa na binamu yake kutoka Amerika. "Hii kitu ni digitali. Inafuata tranking. Hizo zingine ni za washamba."

Nikamwuliza tranking ni nini. Alizungumza mpaka chai ikapoa. Nilichoambulia ni kwamba katika miji mikubwa ya ng'ambo watu wengi hugawana masafa machache, kompyuta ikiwahamisha huku na huku, na redio ile huwafuata wasipotee. Hiyo digitali yenyewe, nilikuja kugundua, ilikuwa tarakimu za kijani kwenye kioo tu.

"Na hapa kwetu nani anao mtambo kama huo?"

"Wako," akasema. "Ni siri."

Kando yake alikaa rafiki yake, mhasibu wa hoteli, ambaye mchango wake katika kila mazungumzo ulikuwa kutikisa kichwa kukubali. Akatikisa.

Jumamosi moja alasiri mwenye duka alitualika tuisikie redio yake ikifanya kazi. Alikuwa amepandisha waya mpaka paani. Redio ikapekua, ikapekua, isipate kitu. Akailaumu minazi, akailaumu chumvi ya bahari, kisha akamlaumu mkewe aliyekuwa akipiga pasi chumba cha nyuma, akamwamuru aizime. Hatimaye redio ikasimama, na sauti ya mwanamume ikakwaruza.

"Meli ya kivita," akanong'ona. "Msipumue."

Sauti ikasafika. "Jamaa wa bibi arusi, pilau iko tayari, upande wa kushoto wa bwawa. Jamaa wa bwana arusi, tafadhali subirini kidogo."

Ilikuwa maikrofoni isiyo na waya ya arusi katika hoteli ya jirani. Mhasibu aliitambua sauti, nilimwona usoni: ilikuwa ya mshereheshaji wa hoteli ile ile anayofanyia kazi.

"Ni code," akasema mwenye duka. "Pilau ni mafuta."

"Na bwana arusi je?"

"Hiyo siwezi kukuambia, mwalimu."

Wiki iliyofuata nilinunua skana kuukuu, ya kawaida kabisa, kwa mwalimu wa kupiga mbizi aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Siku ya kwanza nilimsikia nahodha wa Wasini akiomba barafu na ndimu kutoka Shimoni. Nilifurahi kama mtu aliyetembelewa.

Mwenye duka alizidi kutamba kwamba anawasikia polisi. Majirani wakawa wanashusha sauti wakipita mlangoni pake, na jambo hilo likamnenepesha. Asubuhi moja nilipopita kumjulia hali, askari mwenye sare akaingia.

"Tumesikia kuna redio hapa inayotusikiliza."

Sijaona mtu akinywea upesi vile. "Hii, afande? Hii si yangu. Ni ya huyu mwalimu, ameniwekea tu."

Nilimtazama, naye akatazama vinyago vyake.

"Ni yake, afande," nikasema. "Ila usihofu, haisikii mtu."

Askari akaiwasha mwenyewe. Ikapekua na kuvuma. Akatega sikio, akangoja, kisha akatuuliza kwa upole, "Sasa hapa mnasikiliza nini, mvua?" Akaizima, akaenda zake bila hata kuichukua.

Baadaye niliambiwa mwenye duka anasimulia kwamba polisi walikuja kumtaka ushauri wa mitambo. Wapo waliomwamini, na wengine wakamwomba awaagizie skana kama yake. Mimi sikukanyaga tena pale.