Makumbi Yangu Ndani ya Nozeli

Tulikuwepo Kisauni mimi, mwanangu Salimu mwenye pikapu, mjukuu wangu Mwanaisha aliyekuwa akiolewa, na shemeji yake Salimu, fundi Kombo. Kombo alifungua nozeli za pikapu, vile vinyunyizio vya dizeli ndani ya injini, azioshe. Alipokwenda kuswali, nikazisugua kwa makumbi ya nazi na mchanga, zikang'ara. Kombo akarudi, akazifunga vivyo hivyo.

Mwanaisha alipopandishwa nyuma apelekwe kwa mumewe, pikapu ikakosa nguvu, ikatoa moshi mweusi, shela jeupe likawa kaniki.

Nikafoka, "Kombo, fundi gani wewe!"

Akafungua tena. "Dizeli hainyunyiziki, yamwagika tu, haiungui yote. Mama, haya makumbi ya nani?"

Mwanaisha akanigeukia, uso masizi matupu. "Bibi, hata injini ni sufuria?"

Kama kuna jina nimekosea, nisahihisheni. Makumbi ni yangu, wallahi.