Punda Mpya Amempita Mama Zaina

Korogwe, siku ya soko, mwaka wa kumi na moja tangu nitoke Handeni.

Jamani, leo nimeona aibu.

Punda wetu mzee aligoma njiani kila safari, nikamuuza, nikanunua punda kijana mwenye mbio.

Pale Masuguru, njiani kwenda sokoni, mjane Mama Zaina alishatoa tenga lake la ndizi mlangoni. Siku zote tunambebea hadi sokoni. Yule punda mzee alikuwa akisimama hapo bila kuambiwa.

Huyu mpya akapita moja kwa moja. Nikavuta kamba, wapi!

"Shikamoo, mzee. Punda mpya kakukataza kutusalimia?" Mama Zaina akaniita.

Nilipofanikiwa kumfunga punda, nikarudi kwa miguu. Mama Zaina alishajitwika tenga.

"Lete, mama."

"Acha tu. Nimeshazoea."



Mke wangu anataka nimfuate yule punda mzee kwa mnunuzi, Handeni, nimrudishe. Kwetu huko sasa ni shamba la Mdachi, yule Mjerumani aliyechukua ardhi yetu.

Sitarudi huko, hata kwa ajili ya punda.